Walimu wa Kupuliza

Jumanne, 4 Juni 2024

Nusu ya ndoa za Dodoma zimefungwa na masheikh na mapadri, lakini zimekamilishwa na mimi. Bibi harusi hatoki mlangoni mpaka Mrisho wa Chang'ombe apulize. Serikali ilipohamia huku iliukuta mji una wakuu wake tayari, na mmoja wao alikuwa juu ya kirikuu, kigari chetu cha mizigo, tarumbeta mkononi. Siku ile ya harusi ya Kongwa nilivuta noti moja ndefu, ng'ombe arobaini wa watu wakavunja zizi wakaifuata gari yetu mpaka kwenye lami. Mashahidi wapo. Wengine wamekufa, lakini wapo.

Leo kaja Sabiha, mtoto wa dada yangu Anifa. Mhadhiri! Anafundisha muziki chuo kikuu, wanafunzi wanamwita madam. Jumatatu mpaka Alhamisi anafundisha watu kupuliza. Ijumaa anavaa gauni jeusi anakwenda hotelini kupuliza mwenyewe. Na kabla hajaenda anaomba ruhusa chuoni! Sijapata kuona fundi cherehani anayeomba ruhusa ya kushona.

Nikamuuliza, wewe ni mwalimu au mpigaji?

"Vyote viwili, Mjomba."

Vyote viwili! Popo naye husema hivyo hivyo, ndiyo maana ndege hawamwaliki na wanyama hawamtaki.

Kilichomleta ni hiki. Anataka kupanda daraja. Siku zote chuoni wanahesabu maandiko tu. Upige mpaka mapafu yatoke nje, hayo hayahesabiki. Mwaka huu, mara ya kwanza, jopo limekubali kuja kusikiliza: Jumamosi tarehe 22, ukumbini kwao. Basi ameuchukua wimbo wetu wa kumtoa bibi harusi, ule ambao tarumbeta la kwanza linaita na la pili linajibu. Ameupanga upya, ameuandika kwenye karatasi. Wimbo wa harusi kwenye karatasi, kama bili ya maji! Yeye ataita, mwalimu mwenzake Stanley atajibu.

Nikamwambia jibu lile duniani lina mwenyewe mmoja.

Akacheka. "Najua, Mjomba. Si ndilo lililonilea?"

Angalau hilo anakumbuka.

Ijumaa, 7 Juni 2024

Nimekwenda hotelini kuona huo usanii wa kisomi. Bunge la bajeti hili, hoteli imefurika, kila shingo ina kitambulisho. Sabiha na wenzake wanne wamesukumwa kwenye kona, karibu na masufuria ya biriani. Wanapuliza taratibu kama watu wanaoogopa kumwamsha mgonjwa.

Jamaa mmoja mnene akainua mkono wenye paja la kuku. "Dada, punguza kidogo, tunaongea."

Na madam, mwenye shahada mbili, aliyesoma mpaka ng'ambo, akapunguza! Na tabasamu juu! Mimi ningempulizia sikioni mpaka bajeti ipite.

Mapumziko yakaja. Nikadhani watakula. Wapi! Stanley katoa mitihani ya wanafunzi kwenye begi akaanza kusahihisha hapo hapo. Kuna mtoto wa mtu atarudishiwa karatasi yake na tone la mchuzi, adhani ni alama. Huyo Stanley ana tai, ana miwani, ana usingizi. Usiku mpigaji, asubuhi mwalimu, mchana haeleweki. Nilipomsalimia akanijibu kizungu, kwa uchovu tu.

Halafu akatoa yake. Bendi moja ya Dar imemwita, wanazunguka mikoani kuanzia tarehe 19. Hawezi kukataa. Yaani tarehe 22 hayupo.

Nilingoja Sabiha alipuke. Hakulipuka. Alifuta tarumbeta lake kwa kitambaa. "Nenda. Ningekuwa mimi, ningekwenda."

Hao ndio walimu! Mguu mmoja darasani, mwingine stendi ya basi.

Nje akanisindikiza mpaka kwenye bodaboda. "Mjomba, basi jibu ni lako."

Nikasema, "Lilikuwa la nani?"

Mdomo ulitangulia.

Jumapili, 9 Juni 2024

Harusi mtaa wa Kikuyu, hapa hapa Dodoma. Gladness, binti wa mwenye duka la nafaka. Bendi yangu, Radi ya Chang'ombe, tulikuwa kamili juu ya kirikuu: mimi mbele, Luka nyuma yangu na tarumbeta lake, Bartolomayo kwenye ngoma kubwa. Mtaa wote nje! Mama mmoja kapiga kelele, "Muoneni huyu baba, mashavu kama chura wa masika!" Sifa kama hizo huzipati kwenye shahada.

Sabiha alikuwepo kando ya barabara. Hakucheza, hakupiga makofi. Amesimama ananiangalia shingoni. Ndiyo kazi ya wasomi hiyo, kuangalia watu wanaofurahi. Tulipompita akasema tu, "Nimekuona, Mjomba."

Baadaye kwenye soda Luka akasema, "Bosi, leo umenichosha." Bartolomayo akacheka mpaka soda ikamtokea puani. Sijui kilichomchekesha. Luka ni wa Kongwa, na Kongwa ndiko nilikowatoa ng'ombe sabini zizini kwa noti moja, kwa hiyo alitakiwa kuwa wa kwanza kuwa na adabu.

Jumatano, 12 Juni 2024

Mazoezi chuoni. Chumba cha muziki kina kapeti ukutani! Ukutani. Sakafuni vigae vitupu.

Nimekutana na mkuu wao wa idara, Daktari Gaudence. Daktari asiye na sindano. Anapiga kinanda kanisani kila Jumapili, na ana andiko refu kama msahafu kuhusu kigelegele. Kigelegele! Basi shangazi zangu wote ni maprofesa.

"Shikamoo, Mzee Mrisho."

Marahaba.

Anasema yeye alipiga kinanda nchi tatu na hakuna aliyemhesabia hata moja. Daraja alilipata kwa kuandika kuhusu wanaopiga. Ndiyo maana amebishana vikaoni mpaka jopo likakubali kuja kumsikiliza Sabiha. "Akipita huyu, Mzee, na wengine watapita." Nikamwambia mimi wangu walinihesabia papo hapo, ng'ombe mia mbili wa Kongwa. Akaniomba nirudie, akaandika! Kesho kutwa litakuwa andiko.

Tukasimama. Sabiha akaita. Noti zake safi, sikatai, damu ya mjomba hiyo. Zamu yangu.

Nikasema mdomo wa tarumbeta una baridi.

Akaita tena. Nikasema fundi hamalizi pumzi mazoezini. Bwana harusi hafanyi mazoezi ya ndoa! Wanafunzi wakaangua kicheko. Sabiha hakucheka.

"Basi tuimbie tu, Mjomba. Wasikie linavyokwenda."

Nikaliimba. Lote, na ule mzunguko wa mwisho unaochelewa kidogo, kama bibi harusi anayejifanya hataki kutoka. Simu zikatoka mifukoni wakanirekodi. Watu wanalipa ada kufundishwa muziki, wanasikia kitu cha Chang'ombe wanakodoa macho kama wameona treni ya umeme!

Binti mmoja, Emiliana, akaniuliza: "Babu, midomo unaiwekaje ukipuliza?" Babu! Nikamwambia midomo ya msanii si ya maonyesho. Sabiha akainamisha kichwa kwenye karatasi zake.

Jumatatu, 17 Juni 2024

Idi. Kwa dada Anifa. Nimekula ini na mchuzi.

Anifa: "Mbavu hutaki? Wewe uliyekuwa unaacha mfupa mweupe?"

Nikasema daktari kanikataza. Siku hizi nani hajakatazwa na daktari.

Sabiha alikuwa chumbani anafanya mazoezi siku ya Idi, mlango umefungwa, noti ile ile, ile ile. Anifa akanivuta jikoni. Anasema mtoto ameapa: jopo likimkataa, anaacha kupiga. Anabaki na chaki. "Amechoka, Mrisho. Chuoni wanamwambia hoteli ni uhuni. Hotelini wanamwambia apunguze usomi. Kila upande yeye ni mgeni."

Nikasema afadhali aache! Mpigaji anayeweza kuacha hakuwa mpigaji.

Anifa alikuwa anaosha sinia. Hakugeuka. "Tarumbeta lile lenye kutu nani alimpa? Alikuwa analala nalo kama mdoli. Usiniangushie mtoto."

Nikaomba mchuzi mwingine.

Alhamisi, 20 Juni 2024

Nimetoka nje ya mji, nyuma ya mashamba ya zabibu, kujinoa. Simba hanoi kucha mbele ya watu. Nikapanga miguu. Nikavuta pumzi ya Kongwa ile ile.

Ikatoka sauti kama mbuzi anayekohoa. Halafu ikakatika kabisa.

Kuangalia—kokoto limekaa kwenye kikombe cha mdomo wa tarumbeta, limeziba. Upepo wa Juni huu na vumbi lake! Nikaling'oa kwa kijiti, nikalitia mfukoni, nikarudi nyumbani. Nimefunga mdomo njia nzima kwa sababu ya vumbi.

Jioni Luka kaja. Kakaa mlangoni, kazungukazunguka kwanza, habari za mahindi, habari za mama yake. Halafu: "Bosi, lile jibu mimi nalijua. Si ndilo ninalo—" Akajikata. "Niache niende mimi Jumamosi. Hakuna atakayejua."

Luka mbele ya maprofesa! Mtu niliyemfundisha mimi kushika tarumbeta, aliyekuwa anapulizia upande wa pili! Nimemfukuza. Nilimfukuza kwa mkono tu, sikutaka kufungua mdomo.

Alisahau kofia yake. Nimemtundikia msumarini.

Jumamosi, 22 Juni 2024

Naandika nyuma ya jukwaa, daftari gotini. Ukumbi umejaa nusu. Jopo ni watu watatu: mmoja anachezea simu, mmoja anasoma programu kama anatafuta makosa ya tahajia, wa tatu, mama mmoja mwenye mtandio wa kijani, amefumba macho tangu wimbo wa kwanza. Kalala au anasikiliza, wasomi huwezi kuwajua. Hawa ndio watapima pumzi ya watu! Wangekuja kupimwa juu ya kirikuu, kwenye matuta, wangeshuka wanatapika.

Mstari wa pili kakaa Luka. Shati la harusi. Begi la tarumbeta katikati ya magoti. Sikumwalika.

Wimbo wetu ni wa tatu. Sasa hivi wako kwenye wa pili, Daktari Gaudence kwenye kinanda, Sabiha amesimama wima kama mlingoti. Anapiga vizuri. Naandika mara moja tu na sirudii. Anapiga kuliko nilivyowahi kumsikia mtu akipiga pasipo harusi.

Kabla hawajaanza alikuja hapa. "Shikamoo, Mjomba." Nikaitikia kwa kichwa. Akachuchumaa mbele ya kiti changu na gauni lake jeusi, la gharama, likafagia vumbi.

"Kule Kikuyu niliangalia shingo yako. Anayepuliza, shingo inafanya kazi. Yako ilikuwa imepumzika."

Nikaangalia dari. Dari yao ina ufa.

"Sikuulizi kitu, Mjomba. Nataka ujue tu. Nikishaita, jibu lazima lije. Ukiimba kama siku ile, nitalipokea. Luka akisimama, nitalipokea. Lisipokuja, ndiyo basi." Akanishika goti, akainuka.

Mwalimu kweli huyu! Ananipa mtihani mimi, na majibu kaniwekea mezani.

Niimbe? Mbele ya jopo, mdomo wazi, taa zote usoni? Au nimkonyeze Luka, niketi kwenye kiti hiki nisikie jibu langu linatoka kwenye kifua cha mtu mwingine, kama linavyotoka kila Jumapili?

Makofi. Wimbo wa pili umekwisha. Mama wa mtandio wa kijani amefumbua macho—kumbe hakulala. Emiliana ananiita kwa mkono, haraka, Babu, haraka. Luka amenyanyuka nusu, ananitazama. Tarumbeta sijui nilibebe au niliache hapa kitini. Sabiha amelipandisha lake mdomoni. Anaita.

Lile kokoto la Alhamisi halikuwa kokoto. Ni jino langu la mbele, la plastiki, na hapa nilipo liko mfukoni.