Mashine Uliyotuachia

Mzee Kasian,

Shikamoo. Najua hutaitika, ila nimeshindwa kuanza bila kukuamkia.

Tangu tukuzike, bosi amenipa nafasi yako. Sasa mimi ndiye msimamizi wa mashine ya kusaga. Wateja wanakuja hata kutoka Namtumbo na mahindi yao, wananiita Mama Msimamizi, nami naitikia huku najiona mwongo.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Ulikuwa unazima mashine, unafungua vifuniko, halafu unatuita wote, wabeba magunia, hata Anjela anayefagia pumba. Kila mtu aguse beringi, pale mhimili unapozungukia, aseme alichokiona wiki nzima. "Anayesikia kitu aseme," ulituambia, "hata kama atakosea." Na wewe ulikuwa unasikiliza kweli.

Bosi amezifuta Jumamosi hizo. Anasema mahindi ni mengi, mashine ikisimama wateja wanahamia kwa jirani. Nilimsihi, akakataa. Siku moja Anjela alinusa mpira unaungua, akazima swichi. Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Nilimwombea msamaha, ikashindikana. Baada ya hapo watu wakawa wanafanya kazi kimya, wameinamisha vichwa.

Halafu mkanda wa mashine ukakatika, ukampiga Castory, yule mbeba magunia uliyekuwa ukimtania kwamba ana masikio ya sungura. Mkono umevunjika. Kule hospitali nilimuuliza kama mashine haikuonyesha dalili yoyote.

"Nilisikia mlio, dada, tangu juzi yake," akasema. "Lakini ningemwambia nani?"

Mzee, mimi nilikuwepo. Siku zote hizo nilikuwepo.

Tumefunga mkanda mpya. Jumamosi iliyopita nilizima mashine bila ruhusa, nikawaita kama ulivyokuwa ukituita. Walikuja, wakasimama, wakanitazama. Hakuna aliyefungua mdomo. Niliweka mkono kwenye beringi, nikasikia joto. Kama ni joto la kawaida au la hatari, sijui. Nikawaambia hivyo, kwamba sijui. Bosi akapiga simu, nikawasha mashine.

Ungefanyaje wewe? Mashine ulinifundisha, nakushukuru. Lakini namna ya kumfanya mtu asiogope kuniambia jambo, hiyo sikuona ulivyokuwa ukiifanya, na sasa... sasa nimuulize nani?

Kesho baada ya misa nitakwenda nyumbani kwa Castory. Nitamwomba anieleze ule mlio ulikuwaje, auigize kwa mdomo kama anaweza. Huenda asitake hata kuniona. Nakuahidi nitakaa naye, na akininyamazia, Jumapili nyingine nitarudi.

Pumzika, Mzee wangu. Kwaheri.

Fausta