Maana ya Kukoroma

Vingunguti,
Dar es Salaam.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Kwa dada yangu Sesilia,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na watoto, na miguu ya mama iwe imepungua kuvimba. Mie ni mzima wa mwili. Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimeishika simu mara nyingi nikairudisha mezani, kwa sababu nikisikia sauti yako sitaweza kuyasema haya.

Nimepata ujumbe kwamba ukoo umekaa na kuamua kumshtaki mzee Apolinari, mwenye nyumba wangu, kuwa ngazi yake mbovu ndiyo iliyomuua mdogo wetu Gervas. Mnataka nitoe ushahidi. Kabla hamjafika mahakamani, isome kwanza barua hii.

Unaijua kazi yangu, mwaka wa kumi na mbili huu nachuna ngozi machinjioni. Ng'ombe akipitishwa kisu sauti yake hukatika, pumzi inatokea pale palipokatwa, nzito, na povu la damu, huku miguu ikipiga sakafu. Hiyo sie tunaiita kukoroma. Mzee Shaweji, mchinjaji wetu, alinifundisha siku ya kwanza kwamba neno limetoka kwenye koromeo, maana ndipo kisu kinapopita, na kwamba mnyama anayekoroma hasogelewi. Nilijifanya mjuaji, nikasogea, nikapigwa teke lililonilaza wiki nzima.

Jumamosi ile Gervas alikuja kutoka Tabata kula kwangu. Walikuwepo wachunaji wenzangu wawili, nikawa nasimulia habari hiyo ya koromeo. Akacheka. Unamjua alivyokuwa na ualimu wake wa Kiswahili.

"Braza, mtu akikoroma amelala," alisema. "Umekaa na mizoga mpaka lugha imekutoka."

Wenzangu walicheka mpaka wakaondoka, lakini sie wawili hatukuacha. Nilimwambia akasome upya, akanikumbusha kwamba niliishia darasa la saba. Ubishi ukageuka matusi, matusi yakageuka ngumi. Alinipasua mdomo. Nilimkamata shingo nikambamiza ukutani mara mbili, wali ukamwagika, tukaukanyaga. Mwishowe tuliachiana, akafuta damu puani, akageuka kutoka huku bado anacheka. Dada, hasira zangu unazijua tangu utotoni. Nilichukua shoka langu la mifupa nikampiga kisogoni kwa upande butu. Alikuwa amenipa mgongo.

Nilimvuta hadi kitandani. Hapo akaanza kukoroma. Mzee Apolinari alipita dirishani, akasikia, akasema mwalimu leo kachoka, nimwache alale. Nikamjibu kwamba kweli kachoka.

Mzee wa watu aliamini ni usingizi. Mie nilijua. Sauti ile naisikia kila siku ya kazi. Ilikuwa saa nane mchana, bodaboda zimejaa barabarani, na hospitali si mbali. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama. Na kibaya kuliko pigo lenyewe, kwa muda nilifurahi, kwamba sasa ameona nani anajua maana ya neno. Alikoroma hadi karibu saa kumi, kisha akanyamaza. Wapangaji wengine walikuwa hawajarudi, na mzee Apolinari alikuwa ametoka. Nikamwaga maji kwenye ngazi ya uani, nikambeba, nikamlaza chini yake, ndipo nikapiga yowe. Msibani niliwalilia mkanifariji.

Msimshtaki mzee wa watu. Barua hii naipeleka leo kwenye basi la Masasi, na kesho asubuhi naenda polisi kwa miguu yangu. Nimetaka mlisikie kwangu kabla halijawafikia kwa watu.

Msalimie mama, na utafute namna ya kumwambia akiwa amekaa. Shemeji Atuganile, mjane wa Gervas, simwombi msamaha, maana nitakuwa namtukana. Wasalimie pia watoto wa Gervas, ila usiwaambie salamu zimetoka kwa nani.

Mimi, niliyekuwa mdogo wako,
Gregori.