Mzee wa Kwenye Filamu Yako

Dada,

Huku wazima. Mguu wa mama umepoa, na yule kuku wako mkorofi bado anatawala uani. Mwandiko wangu ni huu huu, nivumilie.

Filamu yako wameionyesha Jumamosi kwenye ukumbi wa mtaa. Shuka la kuonyeshea nilitundika mimi. Baba sikumwambia, lakini alikuja, akakaa nyuma kabisa.

Ilipofika pale mzee anamfukuza binti yake, anafunga mlango halafu anakaa kula kama hakuna kitu, watu walimtukana huyo mzee mpaka basi.

Unajua kawaida yetu, filamu ikiisha kipaza sauti kinazunguka, kila mtu anasema lake. Kikamfikia baba. Nikajua leo tumekwisha.

"Huyo mzee mmemkosea," akasema. "Hakula. Alikaa sakafuni mpaka kukakucha."

Fundi viatu akadakia, "We mzee, umejuaje? Kwani filamu umeitunga wewe?" Ukumbi mzima ukacheka.

Baba akasema, "Mlango niliufunga mimi."

Akamrudishia kipaza sauti aliyempa, akatoka, mimi nikabaki nimeshika kamba ya shuka, sijui nimfuate au nisimfuate.

Tangu siku hiyo haongei sana. Leo kaniletea karatasi hii na kalamu, kasema, "Kama una mtu wa kumwandikia." Jina lako hajalitaja, dada. Ila kila akipita hapa ananiuliza kama nimemaliza.

Mdogo wako, yule mnayemwita bubu wa nyumbani