Mshipi kwa Ajili ya Kware

Istaravshan, 4 Machi

Dada Sabohat,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Huku wazima, isipokuwa kware wangu. Zarrin alikufa jana. Nilimkuta tunduni, miguu juu.

Nikavaa joho, nikafunga mshipi wa msiba, nikasimama langoni kama tulivyosimama alipofariki baba. Jiko sikuwasha, maana mfiwa hapiki. Majirani wakaja na pilau, wakanikumbatia, nikavumilia. Hakuna aliyeuliza nani kafa.

Mama akarudi kutoka sokoni na karoti zake, akamkuta Bibi Hosiyat analia: "Alikuwa mwema, ingawa mchoyo wa chumvi."

"Nani?"

"Wewe."

Sasa mama hatoki nje. Naona haya, ila kosa lenyewe silioni. Siku tatu za msiba hazijaisha. Nifungue mshipi?

Mdogo wako,
Mirzo

Dushanbe, 9 Machi

Mdogo wangu,

Mama hajambo? Mimi mzima wa mwili tu. Majirani walinipigia kwamba mama amekufa, nikalia msiba mbele ya wakwe, kisha mama mwenyewe akapiga simu kwamba yu hai na ana hasira. Wakauliza, "Basi kafa nani?" Nikasema majirani wamekosea. Wewe sikukutaja.

Fungua huo mshipi, Mirzo. Ni ndege tu. Nitakununulia mwingine.

Dada yako

Istaravshan, 2 Aprili

Dada,

Salamu. Mama anatoka sasa, kwa njia ya nyuma.

Mshipi nilifungua. Alipokufa baba mlinisema silii, natazama viatu vya watu. Ukaninong'oneza: simama hivi, funga hivi, ndipo watu watajua una uchungu. Nikajifunza. Kumbe si kila uchungu una mshipi. Niandikie ni upi unao, nisiwaaibishe tena.

Usininunulie mwingine. Zarrin hakuwahi kunitaka nimtazame machoni.

Mirzo

Dushanbe, 11 Aprili

Mirzo, mdogo wangu,

Barua hii imenishinda mara kadhaa, naishia kwenye salamu. Aibu hainiachi, na safari hii si yako.

Leo sikuwasha jiko. Mama mkwe akagusa sufuria, baridi.

"Kuna msiba?"

"Upo. Kware wa mdogo wangu."

Nikamweleza na usonji wako, ambao miaka yote hapa nimeuita upole. Nikangoja acheke. Akafunga kilemba chake, akabandika supu mwenyewe, kama jirani anavyompikia mfiwa. Akiwa anakata vitunguu akauliza, "Na langoni alisimama na nani?"

Nikajibu, "Peke yake." Nakuja Ijumaa. Mshipi usiuweke mbali.

Dada yako