SANAMU YA ARISTOKREONI NA MKONO WAKE WA KULIA

Kumbukumbu za kikao cha saba cha Chama cha Walinzi wa Ugiriki wa Kale, mji wa Hermokome, Lidia, kilichofanyika uwanja wa mazoezi, mbele ya sanamu, alasiri ya siku ya nne ya mwezi wa Apolonio.

Waliohudhuria:
Tiberio Klaudio Pamene – Mwenyekiti
Tito Flavio Filisko – Katibu
Bw. Glikoni – daktari
Bw. Evaresto – mwanafalsafa
Bw. Damokari – msemaji wa sherehe

Hakuhudhuria, kwa taarifa: Bw. Hagno. Amekwenda Roma kuomba uraia. Ametuma salamu za Kigiriki.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe kwamba Mgiriki wa kweli hujulikana kwa mavazi yake. Bw. Evaresto, aliyekuja na toga, vazi la Warumi, alieleza kwamba joho lake la Kigiriki liko kwa dobi. Bw. Glikoni alisema, "Mwaka wa tatu huu, ndugu yangu. Huyo dobi analifua au analifuga?" Mwenyekiti aliomba nidhamu. Katibu naye aliulizwa kwa nini ameandika majina yake ya Kirumi mwanzo. Alijibu kwamba ni mazoea.

KUMB. NA. 2/7: HESHIMA KWA LIWALI MPYA
Mwenyekiti alieleza kwamba liwali kutoka Roma yu karibu kufika, na mji jirani umekwisha kumsimamishia sanamu. Muda wa kuchonga mpya haupo. Alipendekeza shujaa wetu Aristokreoni, aliyewapiga Waajemi, afutwe jina na kuandikwa la liwali. Mkono wa kulia, ulionyooka mtupu, ukatwe na kuwekwa mwingine ulioshika hati, kama wapendavyo Warumi.

Bw. Damokari alipinga. Kila mwaka yeye humvika shujaa taji na kumhutubia juu ya shingo zisizoinama. "Nitamhutubia nani sasa, mzee? Liwali?" Mwenyekiti alimjibu kwamba hotuba yenyewe ilikwisha kutumika kwa maliwali wawili, na wote waliipenda.

Katibu aliomba mkono usikatwe. Alieleza kwamba marehemu mwanawe, Timea, aliyefariki kwa homa majira ya baridi yaliyopita, alikuwa akitundika joho lake pale kabla ya kukimbia. Alikuwa akisema, "Baba, twende tu, shujaa atanishikia." Mwenyekiti alisema anasikitika sana, lakini hati lazima ishikwe na mkono.

KUMB. NA. 3/7: KUKAGUA KITAKO CHA SANAMU
Wajumbe walisogea kupima nafasi ya maandishi. Bw. Evaresto alitundika toga yake kwenye mkono wa sanamu isilowe, akaosha kitako kwa maji. Jina la Aristokreoni likabanduka. Lilikuwa limeandikwa juu ya chokaa. Chini yake, kwenye jiwe lenyewe, palikuwa pamechongwa: Gayo Rubrio Basa, msimamizi wa ushuru, Mrumi.

Ilionekana kwamba babu zetu, Mrumi huyo alipoondoka, walimpaka chokaa na kumpa ushujaa.

Bw. Damokari aliomba kuketi. Aliuliza zile hotuba zake zote zilikuwa zinakwenda kwa nani. Bw. Glikoni alimwambia, "Alikuwa anasikiliza kwa adabu, kaka. Kigiriki tu ndicho hakujua."

Mwenyekiti alitaka jambo hili lisiandikwe. Katibu alikuwa amekwisha kuliandika.

Kisha Bw. Glikoni akasema: "Sisi sote tumemtaka huyu bwana awe mtu fulani. Kijana wa Filisko peke yake ndiye aliyempa kazi anayoiweza. Alimpa joho ashike, naye akashika."

Iliazimiwa kwamba:
(a) Mkono usiguswe. Liwali ataambiwa umenyooshwa kumkaribisha.
(b) Jina la liwali liandikwe juu ya chokaa, si kwa patasi, ili wajukuu wasipate taabu.

Hakuna aliyepinga. Ni mara ya kwanza tangu chama kianzishwe.

KUMB. NA. 4/7: KUFUNGA KIKAO
Jua likiwa linazama, Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuulinda Ugiriki kadiri ilivyowezekana. Bw. Evaresto aliondoka akiwa amesahau toga yake kwenye mkono wa sanamu. Katibu, aliyebaki nyuma kidogo, aliiona, akaiacha ishikwe hadi asubuhi.

Pamene, Mwenyekiti: ...................

Filisko, baba wa Timea, Katibu: ...................