Kibwagizo Ulichokataa Kubadili

Tata mpendwa,

Leo nimeandika shairi lako ubaoni, hapa Kibeta, mbele ya kidato cha tatu. Sikuwaambia kwamba mtunzi ni baba yangu, wala kwamba amelala Izigo nyuma ya nyumba, mwaka wa pili sasa.

Uliponitumia nilikuwa chuo cha ualimu, likizo tatu sijaja nyumbani. Lilifika limekunjwa chini ya kopo la senene wa kukaanga: beti nne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane kwa nane. Nikalisoma na kalamu nyekundu mkononi. Vina safi. Ubeti wa pili, "Nimepanda kahawa" ilikuwa na mizani saba, nikasahihisha, "Nimeipanda." Kibwagizo nikakizungushia duara: "Kimerudiwa mno." Nikakurudishia.

Ulinipigia simu unacheka. Mizani ulihesabu kwa kahawa ya kutafuna, silabi moja punje moja, nane mkono huu, nane ule.

"Mwalimu, hiyo ya nane niliitafuna!"

"Na kibwagizo, Tata?"

"Hicho kiache."

"Kinachosha."

"Kinanichosha mimi zaidi. Kiache."

Nilidhani tunabishana juu ya utunzi. Likizo ile pia sikuja. Nilikuja kukuzika.

Leo binti mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono. "Madam, huyu mzee hana jipya? 'Rudi nyumbani mwanangu, migomba yakungojea,' mara nne!"

Darasa likacheka. Jibu la mtihani ninalijua: takriri hutia mkazo. Nikasema, "Anamwita mtu ambaye haji."

"Sasa, alikuja?"

Nikawaambia tuendelee na mizani. Binti yuleyule akaugundua ule mshororo pungufu, akaja ubaoni kuongeza silabi. Nikamwekea vema daftarini, lakini ubaoni nikarudisha saba zako.

Jumamosi napita Kemondo, nakuja Izigo. Mama anasema migomba haijatandaziwa nyasi tangu uondoke. Mgongo wake haumruhusu. Nitaitandazia mimi, siku mbili au tatu, hadi iishe. Karatasi yako ninayo tangu mazishi, na wekundu wangu wote uko pale pale. Nimejaribu kulinakili shairi upya bila alama zangu, nikaona nadanganya.

Lala salama, Tata. Nyasi nitaanzia upande wako.

Mwanao,
yule wa kwenye kibwagizo