Zuhura, Kimya Kile Hakikuwa Sanaa

Zuhura,

Salamu sikupi. Salamu anapewa mtu aliyeaga, na wewe hukuaga. Ulizimika tu katikati ya onyesho, ukaniacha huku Ziwa la Ng'ombe napiga sufuria peke yangu, watu wanatutazama kwenye simu zao. Miaka imepita na hasira haijapoa. Nakuandikia kwa sababu nimechoka kugombana nawe kichwani kila nikiosha vyombo.

Nikupe habari kwanza. Korona iliisha, au watu waliichoka, sijui kipi kilitangulia. Kwenye feri watu wanabanana kama zamani na wanapigiana chafya usoni bila haya. Na sisi, ambao majirani zenu wa huko Bofu, Likoni, walisema tumepandwa na mashetani, siku hizi tunaitwa waanzilishi. Kuna vijana wanakwaruza mabati mbele ya spika mbovu wakisema wewe ndiye mwalimu wao. Baadhi yao ni wale wale walioandika kwamba cherehani ya mamako, uliyokuwa ukiipiga kama ngoma, ipelekwe kwa mganga. Siwapendi, na sina mpango wa kuanza kuwapenda.

Tito ndiye mbaya zaidi. Bado yuko Shanzu, bado DJ wa hoteli. Unakumbuka watalii walipokatika akakosa wa kumchezesha, ndipo akatufungulia ukurasa wa laivu akajiita meneja. Juzi alinipigia kwa sauti ya msibani. Anataka kufanya onyesho la kukukumbuka, na kilele chake ni laivu yako ya mwisho, hasa pale uliponyamaza. "Hiyo kimya ni noma, Kadzo," aliniambia. "Hakuna msee amewahi kufanya kitu kama hiyo." Na ameshakisafisha. Ametoa mngurumo wote wa umeme, halafu juu yake ameweka kinanda. Kinanda, Zuhura. Wewe uliyekuwa ukisema muziki uliooshwa unanuka sabuni. Sasa alitaka nimpe nakala chafu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikichanganya sauti za nyumba zetu mbili, akaisafishe vizuri zaidi.

Nilimtukana. Matusi yenyewe siyaandiki, mamako huenda akataka kusomewa barua hii.

Lakini Tito ni wa pili. Wa kwanza ni wewe na ile sheria yako. Kafyu ilipotukata, wewe Likoni na mimi huku, neti ikawa inakwama kila saa, nawe ukasema wanamuziki wa laivu wanatia aibu, kazi yao ni kuuliza tu, mnanisikia, mnanisikia. Ukapiga marufuku. Neti ikikwama, aliyebaki aendelee. Mwenzako akinyamaza, huo ndio mchango wake, usimuulize. "Anayeuliza kama anasikika hana la kusema," ulisema. Nikacheka, nikaona una akili kuliko sote.

Basi jioni ile cherehani ikasimama. Nilisikia mguu wako ukilegea kwenye kanyagio, gurudumu likazunguka lenyewe kidogo, likatulia. Ukabaki mngurumo peke yake. Picha yako ilikuwa imeganda tangu mwanzo, umeinama, nywele usoni, kama siku zote. Nikafuata sheria. Nikakwaruza mtungi wa gesi polepole nikikupa nafasi. Watu wakamwaga mioyo kwenye skrini. Mmoja akaandika kwamba unyamavu wako umemliza. Mimi, kama unataka kujua, niliona wivu kwamba unapendwa zaidi usipofanya kitu.

Kumbe ulikuwa huna pumzi. Ulikuwa umelaza kichwa juu ya meza ya cherehani na hewa haingii. Ulikuwa ukikohoa siku nyingi, ukaniambia ni vumbi la vitambaa. Uliogopa wale watu wa karantini wasije wakakuchukua mbele ya mtaa mzima. Ulificha, na ukajitungia sheria ya kukusaidia kuficha. Watu wananiambia nisijilaumu. Sijilaumu hata kidogo. Nakulaumu wewe.

Hospitali hukukaa. Wakakuzika haraka, wamejifunika mavazi yale meupe, matanga hayakuwapo. Mimi nilizisoma habari zako kwenye ukurasa wa Tito, chini ya picha ya spika.

Nilipoweza kuvuka kuja kwenu, mamako aliniambia jambo moja, na tangu hapo kila nikienda hulirudia. Jioni ile alikuita kutoka jikoni uje ule. Akakuita tena, na tena. Hukuitika. Akadhani umemdharau kwa sababu ya makelele yako, akanuna, akala peke yake. Alipokuja kukuchungulia umeshalegea. "Mwanangu amekufa na hakuniitika," husema. Hasemi kwa kulia. Husema kama mtu anayetaja goti linalomuuma. Wewe unajua nyumba yenu ilivyo, mtoto akiitwa na mamake asiseme abee ni kana kwamba amemtemea mate. Nilikuwa naisikia sentensi ile nikivuka feri, nikilala, nikiamka. Nikakuchukia kwa niaba yake pia.

Kwa hiyo Tito alipokuja na kinanda chake, nikasema mwenye mtoto ndiye mwenye neno. Nikabeba kompyuta na vile vipokea sauti vikubwa vya masikioni, nikaenda Bofu.

Cherehani imefunikwa kanga. Kile kidude chetu cha shaba cha kunasia sauti, kile tulichoking'oa kwenye kengele ya mlango, bado kimegandishwa chini ya meza na ile gundi yako mbaya. Mamako anashona hivyo hivyo, hataki kiondolewe. Nikamwamkia, nikamweleza. Akauliza hicho kinachotakiwa Shanzu ni kitu gani hasa. Nikasema ni kimya cha Zuhura, mama. Akasema, "Nivishe hivyo nisikie."

Nikamvika juu ya mtandio. Zuhura, mimi mwenyewe sikuwahi kuisikiliza tena nakala ile. Nilikaa namtazama uso. Cherehani ilipokuwa inakimbia alitikisa kichwa, akasema mkanda ulikuwa umelegea na alikwambia uukaze. Kisha nikaona kwenye skrini mstari umelala, nikajua amefika pale. Nikatazama sakafu. Akainua mkono kuninyamazisha, na mimi sikuwa nasema kitu. Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaniambia tena. Halafu akavivua, akanivisha mimi.

Kile kidude hakisikii cha hewani. Wewe ndiye uliyenifundisha, kinasikia kinachogusa mti tu, ukikipigia kelele pembeni hakina habari. Sauti ya mamako toka jikoni haimo. Lakini kichwa chako kilikuwa juu ya mti. Chini kabisa, chini ya ule mngurumo, sauti yako ilipita kwenye mbao: abee. Kisha pumzi. Kisha tena, abee, mama.

Kule jikoni mafuta yalikuwa yanalia kwenye kikaango. Hakuweza kukusikia, hata ungekuwa na nguvu.

Mamako alikaa mikono juu ya kanga ya cherehani. "Aliniitika," akasema. "Miaka yote hii namnunia mtoto, naye aliniitika." Kisha akaenda kutawadha, akaniacha pale na machozi yangu ya hasira, maana hata hapo nilikuwa na hasira, sijui hata kwa nani.

Nilipofika nyumbani nikafungua kile kipande Tito alichokwisha kukirusha kwenye ukurasa. Nikasikiliza mara nyingi. Abee haimo. Ameitoa pamoja na mngurumo. Ameona ni uchafu.

Mamako amesema hii si ya watu. Nakala anayo yeye na ninayo mimi, basi. Nimemwambia Tito akiondoe kile kipande. Anajivuta, anasema wageni wameshaalikwa. Asipokiondoa nitakwenda mlangoni pa hoteli yake na sufuria zangu na mtungi wangu, nipige mpaka wageni wake wadai pesa zao. Unajua naweza.

Na wewe, usidhani umepona. Mamako alikuita ukamjibu, pumzi huna na ukamjibu mara mbili. Mimi nilikuwa masikioni mwako na ungenijibu pia, lakini sikukuita kwa sababu ulinikataza. Hilo linaniuma kuliko kufa kwako.

Sheria yako imekwisha. Siku hizi napiga na msichana mmoja wa Changamwe, naye ana kiburi kama chako. Akinyamaza, nitasimamisha kila kitu nimwite kwa jina mpaka aitike, mbele ya watazamaji wote, na wanaotaka kuondoka waondoke. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na usiku ukinijia ndotoni kubishana nitakufukuza.

Lala, Zuhura. Mamako hakununii tena. Mimi bado kidogo.

Kadzo